Kompyuta Haina Shangazi

Desbah Louise Manygoats, wa ukoo wa Maji Machungu upande wa mama, aliyezaliwa kwa ajili ya Watu wa Chumvi upande wa baba. Kitukuu wa yule mwanamke aliyerudi kwa miguu kutoka Hweldi, uhamishoni ambako jeshi lilikuwa limewafungia watu wetu, mbuzi jike mchanga akiwa mabegani kwake. Binti wa yule aliyewaficha kondoo wake korongoni wakati serikali ilipotuma watu waje kuwaua, akawa anawashushia maji kwa ndoo na kamba. Yeye mwenyewe ni mama wa watoto sita, mfumaji wa mazulia ambayo hajapata kuyauza kwa bei ya kwanza aliyotajiwa, na kwa zaidi ya miaka thelathini mshika ufunguo wa Sanduku la Posta namba 18. Namtaja kwa majina yake yote kwa sababu yu hai. Angekuwa hayupo, nisingemtaja; kwetu marehemu hatajwi jina.

Mimi ni mdogo wake kwa ukoo, na nyumba zetu zinatazamana kuvuka bonde. Hapa Chemchemi ya Kunguru, upande wa Arizona, njia zetu hazina majina wala nyumba zetu hazina namba. Ukitaka kumwelekeza mtu unamwambia apite tangi la maji lililotoboka, akate kushoto penye tairi lililopakwa rangi nyeupe, kisha awafuate mbwa. Posta iko mjini, mwendo wa saa nzima kwa gari kama mvua haijanyesha, na masanduku yake yaliisha zamani sana. Aliyepata alipata. Desbah alilirithi lake kwa mume wake aliyekuwa fundi wa reli, na tangu hapo barua za watu wote wa bonde letu zikawa zinakuja kwa namba hiyo moja.

Ijumaa ilikuwa siku yetu. Tukiliona vumbi la gari lake likipanda kutoka barabara kuu, tunaacha tulichokuwa tukifanya. Kwake kulikuwa na sufuria kubwa ya supu ya kondoo, mkate wa kukaanga chini ya kitambaa, na kahawa nyeusi iliyochemka mpaka ikakasirika. Hakuna aliyeuliza barua kabla ya kula. Desbah alikuwa na utaratibu wake. Barua za kawaida aligawa wakati watu wanakula, lakini bahasha aliyoihisi ina neno zito aliishika mpaka mwenyewe ashibe. Alisema habari mbaya haiingii vizuri kwenye tumbo tupu. Na barua ikija kwa jina la mtu ambaye hayupo tena, hakuileta kabisa. Aliirudisha palepale dirishani posta, akatikisa kichwa, nao walimwelewa.

Aliyetaniwa zaidi alikuwa Hoskie Attakai, mtoto wa shangazi yake, wa Watu wa Chumvi. Kwetu binamu wa namna hiyo ni mtani wako mpaka mwisho, hana ruhusa ya kununa.

"Hoskie! Yule mchumba wako wa kampuni ya bima amekuandikia tena. Safari hii ameweka na picha."

"Mjibu kwamba nimehama."

"Uhamie wapi wewe, na hata mbuzi wako hawakufuati?"

"Wananifuata. Wanatembea polepole tu, kama wewe."

Watu wanacheka mpaka wanamwaga kahawa. Watoto waliotoka shule za bweni wanawasomea wakubwa barua zao, na mtu akipata picha ya mjukuu aliyeko jeshini, picha inazunguka mikono yote mpaka inarudi ina alama za mafuta ya mkate. Nikikumbuka Ijumaa zile nasikia mpaka harufu ya moshi wa kuni za mreteni.

Msaada wa majira ya baridi nao ulikuwa na namna yake. Tulikuwa tukikutana katika nyumba ya baraza, jiko likiwa katikati, wazee wakiwa wamevaa kofia zao nzuri. Mtu anasimama anaeleza shida yake, na akieleza shida lazima aanze na koo zake, na akianza na koo zake lazima aeleze babu yake aligombana na nani juu ya kisima kipi. Mchana unaisha. Mwisho tunanyoosha mikono, na magogo na makaa ya mawe yanapangiwa watu.

Lakini nisije nikawapaka asali. Kupangiwa ni kitu kimoja na kuletewa ni kingine. Aliyekuwa anatoa amri kwa dereva wa lori alikuwa bwana mmoja wa baraza, sitamtaja, na lori lile lilijua njia ya kwa dada za mama yake kuliko njia nyingine yoyote. Mwaka mmoja makaa ya mama yangu yalifika mwezi wa Machi, theluji imeshageuka tope na mama ameshachoma mlango wa zizi. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mashangazi wengi na wote walikuwa na sauti.

Kwa hiyo msaada ulipohamia kwenye kompyuta, tulifurahi. Kijana wa mjini alikuja kutueleza kwamba kuanzia sasa kila mtu ataomba kwa mtandao, majina yatapangwa kwa shida ya mtu na si kwa sura yake. Hoskie akasimama nyuma kabisa akasema, "Vizuri. Kompyuta haina shangazi." Hata yule bwana wa baraza alicheka, ingawa hakucheka sana.

Kazi ya kujaza maombi alipewa Raelynn Etsitty, binti wa ukoo wetu, aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka chuoni. Msichana mpole, vidole vyake vinakwenda kama anafuma. Desbah alikuwa wa kwanza kuketi mbele yake. Nilikuwepo.

"Bibi, anwani yako?"

"Sanduku 18. Nani asiyejua?"

"Sawa. Sasa inauliza, jamaa gani wengine wako kwenye anwani hii."

Desbah akakaa vizuri. Akaanza. Akataja watoto wake na wajukuu, akanitaja mimi na wangu, akaja kwa Hoskie, akaenda kwa wale wa ng'ambo ya korongo, akarudi kumchukua mjomba aliyemsahau. Raelynn akaacha kuandika.

"Bibi, hawa wote ni wa kwako?"

"Mwanangu, nimwache nani? Nikimwacha mtu leo, kesho nitamwita ndugu kwa mdomo gani?"

Raelynn alikuwa mgeni wa kazi ile, na aliyekuwa mbele yake ni bibi yake. Akaandika kila jina. Nasi tuliofuata, mmoja baada ya mwingine, tukatoa anwani ileile kwa sababu hatukuwa na nyingine.

Majani ya mipopla yalipoanza kugeuka njano, majibu yalikuja, yote kwenye Sanduku 18. Kompyuta ilikuwa imetuunganisha. Sisi sote tulikuwa kaya moja ya watu ishirini na saba, mkuu wa kaya Desbah Manygoats, na kipato chetu kikijumlishwa kilizidi kiwango. Maombi yote yalikataliwa.

Ijumaa ile mtu wa kwanza kucheka alikuwa Hoskie mwenyewe. Alivua kofia, akasimama mbele ya Desbah kama mtoto. "Mama," akasema, "kumbe ni wewe. Naomba suruali ya shule."

"Nenda ukanawe uso kwanza," Desbah akamjibu. Lakini alimpakulia supu huku akiepuka kumtazama usoni.

Alikuwa na sababu. Wengi wetu tungeweza kuupita msimu ule kwa kuni za kuokota. Hoskie hakuweza. Aliishi peke yake juu kwenye ukingo wa mwamba, katika trela, jiko lake la chuma lilikuwa limepasuka ubavuni likimwaga moshi ndani, na kifua chake kilikuwa kibovu. Binti yake Verna, anayeishi Phoenix, alikuwa amesema neno lake wakati wa kiangazi: baba asipokuwa na jiko zima kabla theluji haijakaa, anakuja kumchukua ampeleke kwenye nyumba ya wazee mjini. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amemkuta mara moja amelala ndani ya moshi. Hoskie naye alikuwa na kondoo wachache, mbwa watatu, na ule ukingo ambako kila asubuhi husimama kulisalimu jua. Kumtoa pale ni kumng'oa.

Na aliyetaja jina lake mbele ya kompyuta alikuwa Desbah.

Jumatatu tukaenda naye barazani. Raelynn alipiga simu, akasubiri huku muziki ukilia sikioni mwake mpaka Desbah akamaliza kusuka kamba nzima. Hatimaye akapata mtu. Mtu huyo akasema kosa linarekebishika, ila kila kaya ionyeshe nyumba yake kwenye ramani. Ramani hiyo ilikuwa picha iliyopigwa kutoka angani, na kila paa lililoonekana lilikuwa limepewa alama yake ya herufi na tarakimu. Huna haja ya jina la barabara. Unaligusa paa lako, basi, umepata anwani.

Nitasema kweli, ilikuwa raha. Watu walikuja kuziona nyumba zao kwa macho ya mwewe. Mimi nililigusa paa langu, nikaona mpaka kamba ya nguo. Kila aliyegusa alitoka kwenye ile kaya ya Desbah akasimama kivyake, na wiki hiyohiyo majina yetu yakaanza kupita. Hatukuhitaji kumwomba bwana yeyote. Mama yangu angekuwepo angeimba.

Kisha ikafika zamu ya Hoskie. Raelynn akasogeza picha mpaka kwenye ukingo wa mwamba, akaikuza, sote tukasogea.

Trela haikuwepo. Picha ilikuwa ya zamani, ya kabla hajaileta trela pale chini ya miti. Paa pekee lililoonekana pale lilikuwa la ile hogani, nyumba ya duara ya magogo na udongo, iliyoko nyuma, ambayo ukuta wake wa kaskazini una tundu. Kila mtu wa kwetu anajua tundu la kaskazini ni nini. Kuna aliyefia mle, akatolewa kwa hapo, na nyumba ikaachwa. Ilikuwa ya mama yake. Hoskie alikuwa kijana bado. Tangu siku ile hajakanyaga kivuli chake, hata kondoo huwazungusha mbali.

Kompyuta ikauliza: *Je, hapa ndipo unapoishi?* Chini yake, Ndiyo au Hapana.

"Nikibonyeza hapana?" Raelynn alijiuliza kwa sauti, akasoma. "Inasema mwombaji hana makazi. Ombi linafungwa."

Verna alikuwa kwenye simu, sauti yake imewekwa wazi tuisikie sote. "Baba, bonyeza ndiyo. Ni namba tu."

"Ni namba ya nani?" Hoskie akauliza.

"Ya kupatia jiko, baba."

"Wataandika jina langu juu ya nyumba ile. Kisha gari litaletwa pale. Jiko litashushwa pale, na moto wangu uwashwe kwa jina la pale." Akavaa kofia yake. "Niite mkaidi. Siishi na waliokwenda."

Akatoka nje akasimama na mbwa wake. Raelynn, maskini, akasogeza kiti chake pembeni kidogo, akainamia begi lake kama anayetafuta kitu. Nilielewa, na Desbah alielewa. Kidude cha kubonyezea kilikuwa kimeachwa mezani, mbele ya Desbah. Kubonyeza mara moja, na Hoskie angepata jiko, angebaki kwenye ukingo wake, na huenda asingejua kamwe.

Desbah aliweka mkono juu ya meza. Akaangalia lile paa la duara pichani. Halafu akaurudisha mkono kwenye mapaja.

"Siwezi kumlaza mle," akasema. "Nilishamwita mwanangu kwa makosa. Sasa nimwite na marehemu kwa makusudi? Raelynn, acha kutafuta kwenye begi, hakuna kitu humo. Tafuta njia nyingine kwenye hiyo mashine yako."

Raelynn akatafuta. Njia ilikuwepo, imejificha chini kabisa kwa maandishi madogo, ya kulalamikia kosa la ramani. Mtu aende mpaka mlangoni kwa mwombaji, simu isome mahali hapo kutoka angani, apige picha ya mlango, atume. Watu wa ramani wataangalia. Lini? Haikusema lini. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa upande wa magharibi.

Tulikwenda keshoye, sisi watatu. Gari lilikwama kwenye tope chini ya kilima, tukapanda kwa miguu, Desbah akimshika Raelynn begani na kumtukana Hoskie kila hatua kwa kuchagua kuishi mahali pa tai. Hoskie alikuwa anatungoja amechana nywele, amefunga mkanda wake wa fedha.

"Wanataka mlango, babu," Raelynn akamwambia. "Si wewe."

"Mlango huu haujapata kwenda popote bila mimi."

"Basi simama. Ila nyuma yako inaonekana ile..."

Hakumaliza, kwa heshima. Hoskie hakutaka hata kona ya hogani ile iingie kwenye picha. Raelynn akarudi nyuma mpaka kwenye kichaka cha miiba, akachutama, akapanda juu ya ndoo. Mwisho Desbah akasimama kwenye pembe ile yeye mwenyewe, akatanua shali lake kwa mikono miwili, akaifunika. Kwa hiyo picha waliyoipata watu wa ramani ina mlango wa bati, mzee mwenye mkanda wa fedha, na ubavuni shali jekundu lenye vidole. Tukashuka mpaka pale mtandao unapokamata, Raelynn akatuma.

Theluji ilitangulia jibu. Verna alikuja na gari kubwa lenye minyororo magurudumuni, akamkuta baba yake ameketi kwa Desbah, miguu karibu na jiko.

"Shangazi, nilisema," Verna akaanza.

"Ulisema jiko zima kabla theluji haijakaa. Hili hapa ni zima. Gusa uone."

"Si lake."

"Kwani serikali yenyewe imesema anaishi kwangu. Unabishana na serikali?"

Verna alijitahidi asicheke, akashindwa. Akalala siku mbili, akakata kuni, akaondoka peke yake. Hoskie alikaa kwa Desbah msimu karibu wote, akilalamikia chumvi ya chakula, na mimi na wanangu tukawa tunapanda kulisha kondoo wake. Sijawahi kusikia watu wawili wakigombana kwa furaha namna ile.

Jibu lilikuja mwishoni mwa baridi. Ramani imerekebishwa, mzee ana makazi yake, ombi limekubaliwa. Jiko lililetwa siku ileile waliyoletewa jamaa za yule bwana wa baraza, aina ileile, bomba lilelile. Hilo sikulitarajia kuliona maishani mwangu, na nasema asante panapostahili.

Siku hiyo Desbah alikuwa amechemsha kahawa. Tangu zamani mgeni yeyote anayetafuta nyumba katika bonde hili husimama kwanza kwake kuulizia, hunywa, huulizwa koo zake, ndipo huelekezwa. Tukaliona lori linapanda. Desbah akatoka nje akatengeneza shali. Dereva, kijana asiyetujua, alikuwa anatazama simu yake. Alipita tangi lililotoboka, akakata kushoto penye tairi jeupe bila kuambiwa na mtu, akapanda kilima kwa njia iliyoganda, moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Hoskie.

"Hakusimama," Desbah akasema.

"Alikuwa anajua njia," nikamwambia.

"Ndiyo. Vizuri." Akaitazama kahawa. "Lakini sasa hatutajua mama yake ni nani."

Siku hizi Ijumaa hakuna anayekuja ila mimi na Hoskie, aliyerudi kwenye ukingo wake na jiko lisilovuja. Fedha za watu zinaingia benki zenyewe, barua zinasomwa kwenye simu, na Sanduku 18 linaleta matangazo ya magodoro. Supu ni ileile. Sufuria ni ndogo.

Mwaka huu, majani yalipoanza kugeuka njano, Desbah alimtuma mjukuu wake amwite Raelynn. Alimpa chakula kwanza. Aliposhiba akamwambia, mimi nikisikia.

"Ile mashine inaona mapaa, haioni watu. Sasa hii ni kazi yako, kila mwaka kabla ya theluji. Uzunguke kila nyumba ya bonde hili, usimame mlangoni na simu yako. Walio hai uwaweke. Aliyehama umhamishe. Aliyezaa umwongeze. Nyumba yenye tundu kaskazini uiondoe, wala usimuulize mtu ilikuwa ya nani."

"Bibi, ofisi hainilipi kwa kazi hiyo."

"Mimi nililipwa na nani? Utakula kila nyumba. Na ukifika, usianze na simu. Anza na koo zako, waambie wewe ni wa nani, ndipo uitoe."

Raelynn akainama, akatabasamu. "Nianze na nani?"

"Anza na wale wa ng'ambo ya korongo, wasiokuja barazani, halafu urudi kwa wanaokuja. Chukua mkate huu wa njiani. Na uvae viatu, si hivyo ulivyovaa."

"Niende kesho asubuhi?"

Desbah akatazama nje, upande wa magharibi. "Sasa hivi," akasema. "Bado kuna mwanga."